Kurekodi na Kuandika Simulizi za Vita za Mzee Jirani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yametokana na kazi niliyoifanya kwa zaidi ya mwaka mmoja na mzee jirani yangu hapa Morogoro, ambaye alichukuliwa kutoka mgambo, yaani jeshi la akiba la wananchi, mwishoni mwa mwaka 1978 na kupelekwa kwenye Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda. Tangu habari za kazi hiyo zienee mtaani, vijana wengi wamenijia na maswali yale yale kuhusu babu zao, wajomba zao na wazee wanaoishi nyumba ya pili, kwa hiyo nimeona niyajibu kwa maandishi.

Vita vya Kagera vimekwisha kuandikwa. Kuna haja gani ya kumrekodi mzee mmoja wa mtaani?

Kilichoandikwa ni mwenendo wa vita kwa ujumla wake. Tunajua kwamba majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, kwamba daraja la Kyaka lilivunjwa siku chache baadaye, kwamba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa tarehe 2 Novemba, kwamba miji ya Masaka na Mbarara nchini Uganda ilitwaliwa Februari 1979, Kampala ikatwaliwa tarehe 11 Aprili, na kwamba mwanzoni mwa Juni wanajeshi wetu walikuwa wamefika mpaka wa Sudan. Majina ya makamanda kama Msuguri, Walden, na Mayunga aliyeitwa Mti Mkavu yanafahamika hadi leo.

Ambacho hakikuandikwa ni namna mkulima wa mpunga aliyezoea kutembea pekupeku alivyofundishwa kufunga kamba za buti, na namna miguu yake ilivyovimba wiki ya kwanza. Jeshi lilipanuliwa kwa miezi michache likapita watu laki moja, na wengi wa walioongezwa walitoka mgambo, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi na magereza. Vita vilipokwisha wengi wao walirudi mashambani bila kuandika chochote, na aliyekuwa na miaka 22 wakati ule leo amekaribia 70. Wazee wa keya, yaani askari Waafrika wa jeshi la Waingereza (KAR), waliopigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili tumewapoteza karibu wote kabla ya kuwauliza, na kuhusu wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza wengi wetu tumebaki na jina la soko la Kariakoo tu, lililotokana na “Carrier Corps”, kikosi chao.

Nimwombeje mzee akubali?

Usifike na simu mkononi. Fika kama jirani, toa shikamoo, kaa, zungumza habari za mvua na watoto, na uende nyumbani. Siku nyingine mweleze kwa maneno ya kawaida unachotaka kufanya na kwa nini, kisha umwache apate muda wa kushauriana na mkewe na wanawe. Mimi nilijibiwa baada ya majuma matatu, na jibu lenyewe lililetwa na mjukuu: “Babu anasema uje Jumamosi, ila usije na watu.”

Familia ina nafasi kubwa katika jambo hili. Kuna watoto wanaoona kwamba baba yao ataumizwa na kumbukumbu, na wapo wanaodhani kuna fidia inayotafutwa. Zungumza nao mapema, na usiahidi malipo ya serikali, kiinua mgongo wala nishani ambayo huna uwezo wa kuitoa. Wazee hawa wamekwisha kuahidiwa mengi.

Je, ninahitaji ridhaa ya maandishi?

Ndiyo, ingawa karatasi peke yake haitoshi. Andika nusu ukurasa wa Kiswahili chepesi unaosema nani anarekodi, sauti itatunzwa wapi, nani ataisikiliza, iwapo jina lake litatajwa au litafichwa, na kwamba anaweza kuondoa sehemu yoyote wakati wowote. Kama hasomi, msomee mbele ya mtu wa familia anayemwamini, kisha rekodi sauti yake akikubali. Kila unapoanza kikao kipya muulize tena kwa kifupi, kwa sababu mtu anaweza kuwa tayari kusimulia safari ya treni asiwe tayari kusimulia mazishi.

Vifaa gani vinahitajika?

Simu ya kawaida inatosha. Iweke katika hali ya ndege isipokee miito, hakikisha ina chaji na nafasi, iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa karibu na mzee, wala usiishike mkononi. Epuka kikao chini ya bati wakati wa mvua na uombe redio izimwe. Jogoo utamvumilia. Siku hiyo hiyo nakili faili katika sehemu mbili tofauti na ulipe jina lenye tarehe, kwa sababu simu huibwa na huanguka majini. Kikao changu cha nne kilipotea hivyo, na mzee aliporudia habari ile haikuwa ile tena.

Niulize maswali gani?

Swali la “tueleze kuhusu vita” litakupa hotuba. Wazee wa kizazi hiki walizisikia hotuba nyingi kupitia Redio Tanzania, wakazishika, na ukiwapa nafasi watakurudishia maneno ya Mwalimu ya nduli (yaani Idi Amin), ya uwezo, sababu na nia, kwa ufasaha mkubwa, na utaondoka bila kumsikia mzee mwenyewe. Mimi nilitumia vikao viwili vizima kurekodi hotuba ya Mwalimu kutoka kinywani mwa jirani yangu kabla sijang'amua kosa langu.

Uliza kuhusu vitu. Nani alikuja kukuita, na ulikuwa umeshika nini mkononi? Mlipanda gari gani, na mlikaa vipi ndani yake? Mlikula nini siku ya kwanza? Nani alilala upande wako wa kulia? Buti zilikutosha? Nilipomuuliza mzee kuhusu buti alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuanze, akaeleza kwamba alipewa namba 9 wakati mguu wake ni namba 7, kwamba alijaza matambara ya kanga mbele ya vidole, na kwamba kanga hiyo aliinunua mkewe sokoni na kumfungia nayo sahani safarini. Kutokana na buti tulifika kwenye kanga, kutokana na kanga tukafika kwa mkewe aliyebaki na mimba, na kutokana na mimba tukafika kwenye barua ambayo hakuwahi kuipata. Hayo yote yalitoka katika swali moja, na mimi sikuongeza zaidi ya “ehee” na “halafu?”

Saa moja na nusu kwa kikao inatosha. Ukiona anaanza kurekebisha kofia yake mara kwa mara, au anaita wajukuu bila sababu, amechoka.

Nifanye nini akinyamaza au akilia?

Nyamaza nawe. Usimpe maneno, usimwambie “pole, yamepita”, na usikimbilie swali jingine ili kuokoa hali, kwa kuwa kimya hicho ni chake na hakikukusudiwa kukuadhibu. Kama analia, simamisha kurekodi bila kuuliza, mletee maji, na muulize kama anapendelea muendelee, mpumzike au mwache kwa siku hiyo. Kabla hujaondoka hakikisha kuna mtu wa nyumbani atakayekaa naye jioni, maana usiku unaofuata kikao kigumu mara nyingi huwa mrefu kwa mzee. Mke wa jirani yangu aliniambia baadaye kwamba mumewe aliamka mara tatu siku tuliyozungumzia Masaka. Tangu hapo nilihamisha vikao kutoka alasiri kwenda asubuhi.

Tarehe anazozitaja hazilingani na za vitabuni. Nimsahihishe?

Usimsahihishe wakati anasimulia. Ukimkatiza mara moja kwa ajili ya tarehe, kuanzia hapo atakuwa anakuangalia wewe usoni ili ajue kama amepatia, na hatakuwa tena anaitazama barabara ya Mutukula, mpakani na Uganda, akilini mwake. Wacha amalize, kisha tafuta vigingi vya kumsaidia kukumbuka.

Watu wa wakati ule walipima muda kwa mambo waliyoyapitia. Kuhamia kijijini wakati wa Operesheni Vijiji, njaa ya mwaka 1974, kuzaliwa kwa CCM na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, yote hayo ni vigingi vya kabla ya vita. Kwa wakati wa vita wenyewe, Waislamu hukumbuka kwamba Idd el-Hajj ya mwaka 1978 iliangukia karibu na tarehe 10 Novemba, vita vikiwa vimeanza tu, na Wakristo hukumbuka kwamba Kampala ilitwaliwa siku chache kabla ya Pasaka. Baada ya vita kuna miezi 18 ya kufunga mkanda ambayo Mwalimu aliitangaza na ambayo, kama kila mzee atakavyokukumbusha kwa kicheko kidogo, haikwisha baada ya miezi 18.

Jihadhari pia na majina. Mkoa tunaouita Kagera uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, kwa hiyo mzee akisema “tulishuka Ziwa Magharibi” andika hivyo hivyo. Kijana aliyenisaidia kunukuu aliandika mahali fulani kwamba mzee alipigana “mpaka Sabasaba”, akadhani ni sikukuu ya tarehe 7 Julai. Kumbe mzee alikuwa anazungumzia mizinga ya roketi inayorusha makombora mfululizo, ambayo raia wa Uganda waliiita Saba Saba, naye akalichukua jina hilo kwao. Mwezi Julai vita vilikuwa vimekwisha. Kosa la neno moja lingempeleka mzee vitani mwezi mzima zaidi.

Simulizi ya leo inapingana na ya mwezi uliopita. Niandike ipi?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike ukurasa huu, na nitalijibu kwa kirefu.

Katika vikao vya mwanzo jirani yangu alisimulia mapigano ya Lukaya, kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inayokatiza kinamasi, kwa sentensi moja: “Walikuja Walibya, tukawapiga, tukasonga mbele.” Miezi mitano baadaye, nikiwa nimemuuliza jambo jingine kabisa kuhusu mchele, alichukua fimbo yake akachora mstari ulionyooka kwenye vumbi la ua. “Hii barabara,” akasema. Akapiga alama za matone pande zote mbili. “Maji, maji, matete.” Akaweka kizibo cha soda juu ya mstari na kusema kuwa hapo ndipo walipokuwa wao, mgambo wengi, usiku wa tarehe 10 Machi. Kisha akakisukuma kile kizibo nyuma kwa kidole cha mguu, polepole, mpaka kikafika mlangoni kwa kuku. “Tulikimbia, mwanangu. Mimi nilikimbia na bunduki ya mtu mwingine.”

Kilichotokea Lukaya kinajulikana katika historia. Majeshi ya Libya na ya Amin yalishambulia kwa vifaru na roketi, brigedi ya mbele ambayo ilikuwa na mgambo wengi wasio na uzoefu ikavurugika na kurudi nyuma, na kulipopambazuka tarehe 11 Brigedi ya 208, iliyokuwa imezunguka usiku, ikawashambulia Walibya kwa ubavuni na kuwavunja. Kurudi nyuma kwa mgambo hakukuzuia ushindi wa asubuhi. Nilimsomea mzee maelezo hayo ya historia, na alinyamaza sana, kwa sababu kwa miaka zaidi ya 40 alidhani ni kombania yake peke yake iliyokimbia.

Kwa hiyo andika zote mbili, kwa mpangilio alioutoa, ukionyesha kwamba ya kwanza ilisemwa mwezi fulani na ya pili mwezi fulani, na mwombe yeye aamue kama ya pili itabaki. Usiifute ya kwanza ukidhani ni uongo. Ndiyo simulizi aliyoweza kuwapa wanawe wakiwa wadogo, nayo imekaa nyumbani humo muda mrefu kuliko wengi wetu tulivyoishi. Mwandishi anayetaka shujaa ataiacha ya pili, na mwandishi anayetaka kashfa ataiacha ya kwanza. Kwa maoni yangu wote wawili wanamwibia mzee.

Je, hatutakuwa tunavunja siri za jeshi?

Mtu aliyekula kiapo bado anakiheshimu, na wewe uheshimu kiapo chake. Maisha ya askari wa kawaida, yaani chakula, safari, maradhi, marafiki, hofu na mambo ambayo yamekwisha kuelezwa hadharani, hayana tatizo. Usimchokonoe kuhusu mipango ya makao makuu, ghala za silaha au kambi zinazotumika hadi leo, na yeye mwenyewe akisema “hilo tuliache”, liache. Kwa uzoefu wangu mzee hufahamu mpaka huo vizuri kuliko mrekodi.

Ninukuu Kiswahili chake kama kilivyo au nikisanifu?

Kwanza nukuu neno kwa neno, pamoja na kurudia kwake na “yaani” zake zote, hata kama kwangu saa moja ya sauti ilimeza saa tano au sita za kunukuu. Hiyo ndiyo nakala ya kutunza. Nakala ya kusomwa inaweza kupunguzwa marudio na kupangwa aya, lakini msamiati na mpangilio wa maneno ubaki wake. Jirani yangu ni Mluguru, naye husema “nikaona moyo unanihama” pale ambapo mhariri wa gazeti angeandika “niliogopa”. Nilimpa rafiki yangu mwalimu rasimu aipitie, akairudisha ikiwa safi kama insha ya mtihani na bila mtu ndani yake, na ikanibidi nianze upya kutoka kwenye sauti.

Maneno ya lugha ya mama yaache, kisha ueleze maana ndani ya sentensi. Maneno ya jeshini kama kombania, afande, kuruta, handaki, doria na gwanda hayahitaji maelezo kwa msomaji wa Tanzania, lakini mjukuu aliyezaliwa mwaka 2010 atakushukuru ukimweleza mgambo wa wakati ule alikuwa nani, kwa sababu mgambo anayemjua yeye ni yule anayebeba meza za wamachinga.

Na waliobaki nyumbani?

Warekodi pia, na kwa kikao chao wenyewe. Mke akikaa pembeni ya mumewe atathibitisha tarehe na kuleta chai. Akikaa peke yake atasimulia vita vingine kabisa: kulima ekari mbili akiwa na mimba, kusikiliza redio ya jirani kila jioni bila kujua majina ya vijiji vinavyotajwa, na foleni za sukari na sabuni katika duka la ushirika miaka iliyofuata. Wale walioishi kaskazini ya mto Kagera wana simulizi nzito zaidi, kwa kuwa kwao vita vilifika uani: watu waliuawa, ng'ombe waliswagwa kupelekwa Uganda, kiwanda cha sukari kiliporwa, na maelfu walivuka mto wakiwa na walichoweza kubeba kichwani. Kama una jirani wa huko, usimuulize kwanza kuhusu jeshi. Muulize nyumba yao ilielekea wapi.

Akitaja watu waliofanya maovu, niandike majina?

Katika sauti yaache, katika maandishi yafiche. Mtu aliyetajwa, au watoto wake, hayupo kujibu, na Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Majina ya waliokufa vitani ni jambo tofauti, nayo huandikwa kwa heshima baada ya kuzungumza na ndugu zao pale wanapopatikana. Wengi wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na kuna familia ambazo hazijawahi kupata nauli ya kufika huko.

Picha na karatasi zake nizichukue?

Usiziondoe nyumbani. Zipige picha mchana kivulini, pande zote mbili, kwa sababu nyuma ya picha ndiko kulikoandikwa jina la studio na tarehe, kisha uzirudishe mkononi mwake siku hiyo hiyo.

Simulizi ni ya nani, na ikichapishwa fedha zinagawanywaje?

Maisha ni yake na kazi ya kuandika ni yako. Kubalianeni kwa maandishi kabla ya kuchapa, mkitaja pia nani atapokea sehemu yake akifariki. Kama ni kitabu, namba ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na masuala ya hakimiliki yanashughulikiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ukweli ni kwamba vitabu vya namna hii huuzwa nakala chache. Mimi nilitoa nakala 40 kwa mashine ya stesheneri, na nyingi zilichukuliwa na wanaukoo.

Nijuaje kwamba nimemaliza?

Umemaliza pale utakapokuwa umemsomea yote kwa sauti, toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, naye akakubali. Jirani yangu haoni vizuri tena, kwa hiyo nilimsomea kwa siku sita mfululizo, mkewe akiwa amekaa juu ya kinu akichambua mboga. Nilitarajia angetaka kuondoa ukurasa wa kizibo cha soda. Hakuuondoa. Alinisimamisha mahali pamoja tu, nilipoandika kwamba usiku ule wa Lukaya nguo zao zililoa kwa mvua. “Mvua haikunyesha,” alisema. “Ulikuwa umande wa matete. Andika umande.”